Mpole si Mnyonge

Kuna neno nililolitumia vibaya kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu wa sekondari. Kila nilipojaza ripoti ya mwanafunzi asiyenyosha mkono wala kuuliza swali, niliandika: "Ni mpole." Nilidhani nimemsifu. Kumbe niliubatiza woga kwa jina la fadhila.

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tuna sifa ya ukali, na wengi wetu hujivunia sifa hiyo. Kwetu mpole huonekana mtu asiye na meno. Hata kanisani, mahubiri ya upole mara nyingi huelekezwa kwa mke, mtoto na kibarua, yaani kwa wasio na nguvu za kumdhuru mtu. Lakini Yesu alipowaita wapole wenye heri na kuwaahidi urithi wa nchi, alinena habari za fadhila, na fadhila haina maana pasipo hiari. Asiyeweza kupiga hasifiwi kwa kutopiga. Mpole ni mwenye nguvu aliyezitia nguvu zake hatamu.

Mfano tunao nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliuacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama. Mwaka 1985 aliuacha urais kwa hiari, akarejea kijijini kulima. Sisemi alikuwa malaika. Utawala wake uliwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na mwaka 1966 aliwarudisha makwao wanafunzi wa chuo kikuu karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hata hivyo, katika hasira ile ile aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Upole, basi, si tabia ya kuzaliwa nayo. Ni kazi ya kila siku, na hata mkubwa huweza kushindwa nayo.

Nasi watunzi tuna la kujifunza kwake. Uzeeni aliitia Injili katika utenzi, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996. Mtu ambaye neno lake lilikuwa amri alikubali kutawaliwa na mizani nane za kila kipande, akasimulia habari za Mwingine badala ya zake. Huo nauita upole wa kalamu: uwezo wa kusema mengi, na hiari ya kusema yanayopasa tu.

Kama ningerudishiwa ripoti zile leo, ningezisahihisha. Kwa yule mkimya ningeandika: "Anaogopa, tumsaidie apate sauti." Neno "mpole" ningemwekea kiranja mwenye kifua kipana, aliyetukanwa mbele ya wenzake, akaikunja ngumi na kuikunjua, kisha akajibu kwa adabu.