Adabu ya Ukumbini na Haki ya Mtazamaji

Yasemwa na wajuzi wengi kwamba mtu aingiapo katika ukumbi wa kale kutazama mchezo wa nyimbo, wajibu wake wa kwanza ni kunyamaza. Akae kitini, mikono mapajani, akohoe kwa siri, acheke panapochekwa na wengine, na apige makofi pazia lishukapo. Afanyaye kinyume cha hayo huitwa mshamba. Dai hili limezoeleka hata limeingia katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, ambako kijana husikia kuwa ukimya ni ustaarabu na kwamba vigelegele mahali pake ni arusini. Dai halina mizizi mirefu kama lidhaniwavyo, na madhara yake si madogo.

Mfano wa karibuni ni ule wa Manchester, Uingereza. Mwezi wa Aprili 2023, katika ukumbi uitwao Palace Theatre, mchezo wa nyimbo wa The Bodyguard ulikatizwa dakika chache kabla ya kwisha. Mwimbaji alikuwa amefika katika wimbo ambao watu walikuwa wameungojea usiku kucha, wimbo ujulikanao na kila aliyekuwa na redio katika miaka ya 1990, na baadhi ya watazamaji wakauimba naye kwa sauti kuu. Walikatazwa, wasikome. Mchezo ukasimamishwa, polisi wakafika, wakorofi wakatolewa nje. Siku zilizofuata magazeti ya nchi ile yalijaa maombolezo juu ya kifo cha adabu ya ukumbini, kana kwamba adabu hiyo ilizaliwa pamoja na matofali ya jengo.

Haikuzaliwa pamoja nayo. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1891, na jina lake la kwanza lilikuwa Kasri la Michezo ya Aina Aina. Katika kumbi za namna ile watu walikunywa, walivuta tumbako, walizungumza na aliyekuwa jukwaani, na kiitikio cha wimbo kilikuwa mali yao; mwimbaji aliyeshindwa kuwaimbisha alihesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Kwa hiyo yule aliyetolewa nje mwaka 2023, pamoja na makosa yake yote, alikuwa karibu zaidi na mila ya jengo kuliko waliomlaani kwa jina la mila. Nyuma zaidi ya hapo, mwaka 1809, watazamaji wa Covent Garden mjini London walipopandishiwa bei ya viingilio walifanya ghasia usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miezi miwili, mpaka wenye ukumbi wakasalimu amri. Na giza lile ambalo leo hufikiriwa kuwa sharti la asili la mchezo lilipata nguvu hasa baada ya Wagner kufungua ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, akazima taa za watazamaji na kuwaficha wapiga muziki chini ya jukwaa ili macho yote yaelekee mahali pamoja. Ukimya una tarehe yake ya kuzaliwa. Kitu chenye tarehe ya kuzaliwa hakiwezi kudai kuwa ni maumbile ya ustaarabu.

Hata hivyo ni dhuluma kumsahau mwimbaji. Wimbo ule wa Manchester ni mzigo mzito kwa koo lolote. Yamkini mtu amejizoeza miezi mingi ili aufikishe kileleni, kisha anafunikwa na sauti za waliolewa. Tena mtu aliyeketi kiti cha pili ametoa fedha yake kumsikiliza mwimbaji, si kumsikiliza jirani. Wafanyakazi wa kumbi wamekuwa wakitukanwa kwa sababu ya kuwataka watu watulie, na hilo halina utetezi. Wateteaji wa ukimya wana haki katika jambo hili moja. Kosa lao ni kulifanya kosa la walevi wachache kuwa sababu ya kufunga midomo ya wote, kama mtu aonaye mgeni mmoja amevunja kikombe akaamuru wageni wote wasinywe chai.

Mtu wa pwani hana haja ya kwenda Bayreuth ili ajue kwamba kati ya ukimya na fujo ipo njia ya tatu. Katika taarabu mtazamaji hakai kama gogo. Ubeti ukimgusa huinuka, akaenda kwa mwendo wa maringo mpaka mbele ya mwimbaji, noti mkononi, akaipunga, akamtunza, akarudi. Pengine jicho lake njiani humwangukia mtu fulani aliyeketi safu ya tatu, na ukumbi mzima huelewa ubeti ulikuwa wa nani. Wengine hupiga vigelegele na kuimba kiitikio. Lakini mtunzaji hamnyang'anyi mwimbaji ubeti wake. Mpaka upo, na hauwekwi na polisi. Wauweka wale wale wanaoinuka. Na lugha yenyewe imeufafanua. Kiitikio chatoka katika kuitika, na hakuna awezaye kuitika pasipo kusikia kwanza alivyoitwa. Anayeimba juu ya mwimbaji hakuitika, amepayuka. Anayekaa kimya wakati ameitwa naye hakuonyesha adabu. Kwa desturi za nyumba nyingi za Waswahili, asiyeitika aitwapo ndiye asiyefunzwa.

Nchini Kenya shauri hili si la adabu tu. Ukumbi wa michezo wa taifa mjini Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Waelekeana na hoteli ya Norfolk, na karibu na hapo ndipo umati uliokuja kudai Harry Thuku afunguliwe ulipopigwa risasi mwezi wa Machi 1922. Husimuliwa kuwa walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli nao walifyatua bunduki. Ndani, ukumbi ulipangwa kwa mtindo wa Kiingereza: jukwaa ndani ya fremu, safu za viti, na njia nyembamba za kupitia.

Mwezi wa Oktoba 1976, uhuru ukiwa umekaribia kutimiza miaka 13, michezo miwili ya Wakenya iliyotayarishwa kwa ajili ya tamasha la sanaa za Kiafrika la Lagos ilitafuta nafasi katika ukumbi huo. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Wa pili Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Ilipata siku chache tu, kwa kuwa kalenda ya ukumbi wa taifa ilikuwa imekwisha kushikwa na baleti ya Kifaransa na mchezo wa nyimbo wa Kimarekani juu ya vichekesho vya Roma ya kale. Usiku wa kwanza wa mchezo wa Kimathi, kama Ngũgĩ alivyosimulia baadaye, waigizaji waliposhuka jukwaani wakiimba na kucheza wimbo wa mwisho kupitia katikati ya viti, watazamaji waliinuka wakajiunga nao. Wakatoka nje wote pamoja, wangali wanaimba, wakaelekea Norfolk. Polisi wakawarudisha. Katika siku zilizofuata walicheza kwa duara uwanjani nje ya ukumbi, wala hawakuvuka tena kwenda hotelini.

Na asomaye habari hii ajiulize ni adabu gani iliyovunjwa usiku ule. Mwimbaji hakuzibwa, wala jirani hakuudhiwa, wala kiti hakikuvunjwa. Kilichovunjwa ni ule mpaka kati ya aliyeruhusiwa kusema na aliyelazimishwa kusikiliza. Mwaka uliofuata huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo walizozijua. Mazoezi yalifanyika mbele ya yeyote aliyetaka kuja, na wazee waliokuja kutazama waliwasahihisha waigizaji pale walipokosea wimbo au ngoma. Mtazamaji wa namna hiyo, amwambiaye mwandishi kwamba wimbo huu hauimbwi hivi, serikali ilimwogopa kuliko ilivyouogopa mchezo. Idhini iliondolewa mwezi wa Novemba 1977, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 kundi la Kamĩrĩĩthũ lilifungiwa mlango wa ukumbi wa taifa lilipotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra. Likafanya mazoezi chuo kikuu, ng'ambo ya pili tu ya barabara, na maelfu wakaja kutazama mazoezi. Mwezi wa Machi mwaka huo huo ukumbi wa kijijini ulibomolewa na polisi.

Ajabu ni kwamba historia hii husomeshwa. Wapo wasomi waliopata shahada kwa kuandika juu ya hadhira ishirikiyo, nao ndio wa kwanza kugeuka na kumtupia jicho kali mama aliyepiga kigelegele safu ya nyuma. Katika makala humsifu mtu wa Kamĩrĩĩthũ. Ukumbini humtaka anyamaze.

Ukumbi wa Nairobi ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Mwezi wa Mei 2022 mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa humo humo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, baada ya miaka 45. Mchezo umeingia, na hakuna aliyekamatwa kwa kuuigiza. Mtazamaji wake wa zamani, yule msahihishaji wa nyimbo, bado yuko mlangoni na tikiti mkononi. Ataonyeshwa kiti chake, taa zitazimwa, na wimbo wa mwisho ukifika ataanza kuinuka. Hapo ndipo patakapojulikana kama mpangaji viti atamwachia njia katikati ya safu au atamgusa bega amwombe akae.