PIKIPIKI KWA WATOTO: WAZAZI TUMEANZIA MWISHO



Nina neno kwa wazazi wenzangu wa Hai Mauna na kwa vijana wetu wanafunzi. Mara ngapi tumemuona mtoto wa miaka 13 juu ya Boxer ya baba yake, kichwa kitupu, miguu haifiki chini vizuri, na wadogo zake wawili wamepakiwa nyuma? Nasi tunacheka: "Mashallah, amekuwa mwanamume!" Wallahi, hapo hakuna cha kuchekea.

Boxer ina uzito unaozidi kilo 100. Imetengenezwa kwa mtu mzima. Pikipiki ya mtoto anayeanza ni kitu kingine kabisa. Tazameni Yamaha PW50, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980: injini ya cc 50, uzito wa kilo 40 hivi, haina gia za kubadilisha, breki zote ziko mikononi kama za baiskeli, na ina skrubu ya kuzuia mafuta, ili mzazi ndiye aamue mwendo. Tena ni ya uwanjani, si ya barabarani. Huko Jamhuri Park, Nairobi, na Garuga, Uganda, watoto hushindana kwa pikipiki ndogo wakiwa wamevaa helmeti, buti na glavu, na hupandishwa daraja kidogo kidogo.

Wapo watakaosema: "Huo ni mchezo wa matajiri, sisi tunatafuta riziki." Sawa. Mwaka 2013 serikali iliwazuia wageni kuendesha boda boda ili kazi hiyo ibaki kwa vijana wenyeji, nayo ni kazi ya halali. Lakini ni nani anayejifunza kazi huku amebeba roho za watu mgongoni?

Simwambii mtu anunue pikipiki ya mchezo. Nasema tufuate utaratibu ule ule: uwanja kwanza, helmeti kwanza, mtu mzima kando yake. Barabara baadaye, akishatimiza umri na kupata leseni. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara 6. Je, roho ya mwanao haifikii bei ya helmeti?

Na anayesema "Mungu atamlinda" akumbuke kuwa ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Mtoto ni amana. Basi leo kabla hujalala, jiulize: ufunguo wa pikipiki uko wapi?

Wabillahi Tawfiq.