Usiku wa kulinda mgonjwa aliyepasuliwa rovu

Juma lililopita mama mmoja wa kikundi aliniuliza kama ni kweli kwamba kupasuliwa rovu kunaondoa sauti. Swali hilo lilinigusa, kwa maana mwalimu bila sauti hana kazi.

Sisi wa Kivu tunalijua rovu tangu zamani; kule Idjwi watafiti walikuja kulichunguza tayari miaka ya 1960. Ni kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya shingo. Nyuma yake inapita mishipa ya fahamu inayoongoza sauti, na kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vinavyolinda kalsiamu ya damu. Munganga anakata karibu sana na vitu hivyo. Wengi wanaopata sauti ya kukwaruza hupona baada ya majuma au miezi, wachache hubaki nayo. Kwa hiyo tafuteni munganga aliyezoea kupasua rovu, sauti ichunguzwe kabla, na damu ipimwe: tezi inayofanya kazi kupita kiasi lazima itulizwe kwanza kwa dawa. Mwambieni pia kama mgonjwa anakunywa asipirini au miti shamba.

Halafu unakuja usiku wa kwanza, na huo ni wetu sisi tunaokaa kando ya kitanda. Dada yangu mkubwa alipopasuliwa, tulimfunga kitambaa shingoni ili wageni wasione kidonda. Muuguzi alikitoa na kutugombeza. Alifanya vema! Damu ikivuja ndani, mara nyingi katika masaa 24 ya kwanza, shingo inavimba na kuziba pumzi, nasi tulikuwa tumeificha. Ukiona shingo inavimba au mgonjwa anavuta pumzi kwa shida, usingoje asubuhi. Ita muuguzi kwa nguvu. Pengine watafungua nyuzi palepale kitandani.

Siku ya pili dada alisema midomo na vidole vinamchomachoma. Tukasema ni baridi, tukamwongezea blanketi. Kumbe kalsiamu ilikuwa imeshuka. Ikiachwa, mikono inakakamaa, hata degedege linaweza kuja. Alipewa kalsiamu, ikapita.

Tezi ikitolewa yote, mgonjwa anakunywa kidonge cha levotiroksini kila siku maisha yote, asubuhi kabla ya kula, na kalsiamu masaa 4 baadaye. Dada aliwahi kukiacha akijiona amepona, akaanza kuchoka na kuvimba uso. Na wewe uliyetolewa tezi ukishika mimba, rudi kwa munganga mapema, kwa maana mara nyingi kipimo cha dawa huongezwa.