Ya Barazani na ya Chumbani

Nyumba ya Kiswahili ina baraza na ina chumba cha ndani. Barazani hukaa mwenyeji na mgeni, na mpita njia akatoa salamu akajibiwa, akapewa kahawa na khabari za mjini. Chumbani haingii ila mwenye ruhusa. Hatujapata kumsikia mtu akiuliza kipi bora katika viwili hivi. Lakini vikundi vyetu vya kujitolea, hivi vya kupanda mikoko, kusafisha fukwe, kulinda kasa na kutetea hewa na maji ya mitaa yetu, vingi vimejengwa kwa kimoja tu. Ama kila neno hutupwa mbele ya watu mia mbili katika kundi moja la WhatsApp, la fedha na la fitina, la mti na la mtu. Ama mambo hupangwa na watu watatu usiku, na waliobaki wakaletewa tangazo asubuhi.

Mwezi huu tumeonelea tulizungumze jambo hili, khasa kwa ajili ya vijana, kwani wao ndio wengi katika vikundi hivyo, na wazazi wao ndio waulizwao mambo yanapoharibika.

Yapasa kufahamu kwanza kwamba mtu wa kujitolea si kama mtu wa mshahara. Mwenye mshahara akifichwa shauri hunung'unika akabaki, kwa kuwa mwisho wa mwezi upo. Wa kujitolea hana mwisho wa mwezi. Ujira wake ni kushauriwa, na kuona kwamba jasho lake limefika mahali. Akifichwa huondoka, wala haagi. Utaona tu siku ya kupanda miche hakuja, na siku ya pili hakuja, na ukimpigia simu atakwambia ana harusi.

Nguvu ya kusema mambo hadharani tumeiona Lamu. Mwaka 2016 wakuu wa mazingira wa Kenya walitoa leseni ya kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe, cha megawati 1,050, hapo Kwasasi, si mbali na Mji wa Kale wa Lamu ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Wenyeji, chini ya muungano wao wa Save Lamu, walilipeleka shauri hilo mbele ya baraza la hukumu za mazingira la taifa, nalo tarehe 26 Juni 2019 likaifuta leseni. Msomaji na aiangalie vizuri hoja iliyoshinda. Haikuwa ya moshi na samaki peke yake. Sehemu kubwa ya hukumu ilikuwa juu ya wananchi kutoshirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa kabla ya uchunguzi wa madhara kukamilika ilihesabiwa kuwa ni ya utangulizi tu, na uchunguzi ulipokwisha wenyeji hawakurudiwa wakaelezwa yaliyomo. Wavuvi na mama wa nyumbani walidai haki ya kuambiwa, na haki hiyo ikaangusha leseni ya mradi mkubwa. Sasa kikundi kinachoidai serikali iseme waziwazi, nacho chenyewe kikapanga mambo yake gizani, kitajibu nini siku kitakapoulizwa na wanachama wake?

Katika fedha hatuna maneno mawili. Huko Gazi na Makongeni, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wanahifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukipata fedha kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko ile huizuia. Mapato yamekwenda katika maji na vifaa vya shule, na wanakijiji wenyewe hushauriana mikutanoni juu ya matumizi. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sisi hatuusifu kwa ajili ya tuzo. Twausifu kwa kuwa mtoto anayeteka maji kijijini aweza kukwambia yametoka wapi. Na kikundi chenye shilingi elfu tatu za kununua mifuko ya miche chahitaji daftari lililo wazi vile vile. Tena fedha kidogo ndizo zizaazo maneno mengi, kwa kuwa hakuna anayeona haja ya kuziandika. Picha ya daftari na ya risiti itiwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakikuingia kitu.

Hata hivyo, si kila kilicho kweli ni cha watu wote. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Aliacha kazi, akayasema yaliyompata hadharani yeye mwenyewe, akawaongoza majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikawaamulia wenyeji fidia ya shilingi bilioni 1.3, katika shauri lililoendelea kwenye mahakama za juu miaka iliyofuata.

Twaomba msomaji asimame kidogo penye neno "mwenyewe". Ugonjwa wa mtoto wake ulikuwa wake yeye kuutoa nje. Lau jirani angaliupiga picha waraka wa hospitali akausambaza, hata kwa nia njema, angalikuwa amevunja mlango wa mtu. Idadi ya watoto waliopimwa, na wangapi walikutwa na sumu, hiyo ni ya barazani, na ipigiwe kelele. Jina la mtoto ni la chumbani mpaka mzazi wake alitoe. Mtoto wa leo ni mchumba wa kesho, na neno "yule mwenye sumu damuni" likishaingia katika simu za watu halifutiki kwa kuombana radhi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu imezihesabu khabari za afya kuwa miongoni mwa zile za kuhifadhiwa zaidi, na katika hili sheria imeifuata desturi ya watu wenye haya.

Kasa naye ana siri yake. Hutaga mayai yapatayo mia na zaidi katika shimo moja, nayo hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Kijana aliyekiona kiota akakipiga picha na kuirusha kwa furaha, amempa mwizi ramani. Na simu nyingi, zikiwa zimeruhusiwa, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Semeni mmeona viota vingapi. Pwani gani, na hatua ngapi kutoka mnazi gani, wajue wale wanaokesha zamu tu. Na zaidi ya kasa yuko mvuvi aliyetoa khabari za wanaovua kwa baruti. Huyu huegesha ngalawa yake katika diko lile lile wanaloegesha wao, na watoto wake hucheza na watoto wao. Mwenye kulitaja jina lake mbele ya watu mia mbili, ati ili asifiwe kwa ushujaa, hajui uzito wa alilolifanya.

Liko jambo jingine ambalo wanaume hawalioni upesi. Mama zetu wanaookota chaza wanaujua msitu wa mikoko kuliko wengi wetu, wapi unafyekwa na nani anaufyeka. Lakini katika kundi kubwa yumo mkwe, yumo shemeji, yumo mwalimu wa mtoto. Basi mama husoma akanyamaza. Mkiwawekea mahali pao wazungumze wenyewe kwa wenyewe, mtasikia yasiyosikika kwingine. Hiyo si siri ya hila. Ni chumba cha kuandalia chakula, kisha chakula hutolewa barazani. Na apitishe sahani mmoja wao, kwa maneno yao, wala asiwe katibu mwanamume aliyeyageuza kidogo ili yapendeze.

Gumu kuliko yote ni pale mwanachama anapodhaniwa amekula fedha. Hapa twatofautiana na baadhi ya wazee wetu tunaowaheshimu, wasemao kwamba kumsitiri ndugu ni bora. Sitara ni njema, nasi twafundishwa hivyo. Lakini ni sitara ya mtu aliyeteleza katika mambo yake mwenyewe. Fedha ya miche si yake. Wala hatukubaliani na vijana wanaomtaja mtu usiku wa manane katika kundi, na kufikia alfajiri ameshahukumiwa na watu wasioiona hata risiti moja. Aitwe, akae na watu watatu waliochaguliwa na wote, asiwemo jamaa yake wala hasimu yake, naye apewe nafasi ya kuleta hesabu. Mazungumzo hayo yawe ya ndani. Daftari libaki wazi wakati wote huo. Na yakishakwisha, kikundi kiambiwe yaliyoamuliwa: fedha imerudi au haikurudi, mtu amesafika au ameondolewa katika kazi ya fedha. Yale machozi yake na sababu za nyumbani kwake alizozitoa hayamhusu mtu.

Huenda msomaji akauliza, je, watu hao watatu tutawaaminije? Jawabu letu ni kwamba chumba chenyewe kisiwe siri. Kila mwanachama ajue kwamba kipo, nani wamo, wanashughulika na mambo ya namna gani, na watatoka lini. Hatajua jina la mvuvi, lakini atajua kwamba yako majina yanayohifadhiwa na nani anayahifadhi. Fitina nyingi tunazozisikia hazikuzaliwa na siri yenyewe. Zilizaliwa siku mtu alipogundua kwa bahati kwamba lipo kundi la pili ambalo yeye hakuambiwa, akaanza kukumbuka kila neno alilowahi kusema. Mwaka mmoja watosha kwa mtu kukaa katika kazi hiyo, kisha aingie mwingine. Na mpango wa kazi, siku ya kupanda, mahali pa kukutana, ikhtilafu juu ya aina gani ya mti ipandwe, hayo yasiingie chumbani kabisa, hata wakubwa wakiona uvivu wa kubishana na watoto wa sekondari. Watoto hao ndio wabebao miche.

Mwisho, kuhusu majina ya watoa khabari: simu huibwa, huuzwa, na hupelekwa kwa fundi ikiwa wazi. Sisi twapendelea daftari la karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa mama mmoja anayeaminiwa na mtaa mzima.