Wacheni Kutoa Katalitiki za Watu

Najua leo kuna mafundi wataacha kunifuata hapa, na ni sawa. Nimekaa na hii maneno miezi minne nikijiambia nitapoa. Sijapoa.

Kama una gari ndogo ya kutoka Japani na unaiendesha Kenya, hii stori unaijua. Ile taa ya manjano yenye picha ya injini inawaka kwa dashibodi. Unaenda gereji. Fundi anachomeka skana chini ya usukani, anasoma P0420, halafu anashusha pumzi kama daktari anayeleta habari mbaya. "Katalitiki imeisha, kijana wangu." Kabla hujauliza imeisha vipi, gari iko juu ya jeki na kuna mtu chini yake na grainda.

Dakika tano. Huo ndio uchunguzi mzima. Sasa wewe ungeenda hospitali na joto mwilini, daktari aangalie kipima joto tu kisha aseme twende tutoe ini, si ungetokea dirishani?

Hiyo namba haisemi katalitiki itolewe. Haisemi hata kwamba katalitiki ndiyo yenye makosa. Wacha nieleze, na sijidai injinia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kozi yenyewe haikuwa ya magari.

Katalitiki ni lile kopo nono kwenye bomba la ekzosi. Ndani kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kwenye kuta za hivyo vitundu kumepakwa madini: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita hapo ukiwa moto, kaboni monoksaidi, petroli ambayo haikuungua na oksaidi za nitrojeni zinageuzwa kuwa vitu visivyo na sumu ile kali. Kabla ya kopo kuna sensa ya oksijeni, na baada yake kuna ingine. Ya kwanza kazi yake ni kucheza juu na chini kila wakati injini inapojirekebisha. Ya pili inatakiwa itulie, kwa sababu katalitiki imeshameza hayo mawimbi. Ya pili ikianza kucheza kama ya kwanza, kompyuta ya gari inaandika P0420: kazi ya katalitiki imeshuka chini ya kiwango. Basi. Kwa nini imeshuka, hapo kompyuta imekuachia wewe na fundi wako.

Na sababu ziko nyingi. Bomba linaweza kuwa linavuja kwenye gasketi na kuvuta hewa ya nje, sensa ikadanganyika. Sensa ya pili yenyewe inaweza kuwa imezeeka. Injini inaweza kuwa inakula oili, na mabaki ya oili yanafunika yale madini taratibu. Maji ya rejeta yanaweza kuwa yanaponyoka kuingia kwenye silinda. Ama plagi haichomi vizuri, petroli mbichi inafika kwenye kopo na kuungulia humo ndani, na lile sega linayeyuka. Ona hapo: hata pale ambapo katalitiki imekufa kweli, mara nyingi kuna kitu kiliiua. Ukizika maiti na kumwacha muuaji kwa nyumba, umefanya nini?

Sasa yangu.

Mzee wangu alipostaafu aliniachia gari yake, silinda nne, na mimi nikaiingiza kwenye teksi za programu. Ndiyo inalipa intaneti ninayotumia kuwapigia nyinyi kelele. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeweka plagi za bei ya kutupa, nilizinunua mwenyewe, hiyo siwezi kumsingizia mtu. Jioni moja ya mvua napanda kutoka Westlands kwenda Kangemi, gari inatetemeka na ile taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Sikujua kwamba ikipepesa hivyo ni onyo tofauti na ikiwaka tu ikatulia. Ikipepesa inamaanisha silinda inakosa kuchoma kiasi cha kuharibu katalitiki sasa hivi unapoendesha, punguza mguu, simama mahali salama. Mimi nilikuwa na abiria, na ilikuwa wiki ya kodi ya nyumba. Niliendesha hivyo karibu wiki nzima.

Gereji niliyoenda sitaitaja. Fundi alisoma skana, mimi nikapiga picha ya kioo cha skana kwa sababu kila kitu kwangu ni video siku moja. Akaniambia ni katalitiki. Akasema atanitolea bure kabisa, nilipe tu 2,000 za bomba na kuchomelea. Bure! Mimi nikafurahi. Nikamshukuru na soda juu.

Siku nne taa ilikuwa imezima, kwa sababu alikuwa amefuta namba kwa skana. Siku ya tano ikarudi. Na lazima ingerudi! Ukitoa kopo, sensa ya pili inapata moshi ule ule wa sensa ya kwanza, kwa hivyo P0420 sasa ni mpangaji wa kudumu. Nikarudi kwake. Suluhisho lake: kibomba kidogo cha 1,500 cha kusogeza sensa ya pili mbali na moshi, ndio kompyuta idanganywe. Yaani tulianza na gari iliyokuwa inasema ukweli, na sasa nalipia kuifundisha kusema uongo.

Nikamwambia nitarudi. Usiku huo natafuta picha za video nyingine kabisa, nakutana na ile picha ya skana. Nikaivuta karibu. Mstari wa kwanza P0420. Mstari wa pili P0303.

P0303 ni silinda ya tatu haichomi. Ilikuwa pale pale, kwa kioo alichokuwa ameshika mkononi. Zilikuwa namba mbili, na yeye alinisomea moja. Ile ambayo haikusomwa ndiyo ilikuwa inaeleza ile iliyosomwa, na kuirekebisha kulihitaji plagi na koili. Kazi ndogo, faida ndogo.

Nilipomuuliza kopo langu liko wapi alisema, "Ile takataka tulitupa." Kwa hivyo nikapigia simu mtu mmoja kati ya wale wanaoweka mabango ya kununua katalitiki, nikajifanya nina ya kuuza, nikataja aina ya gari. Akaniambia 11,000 kama ni ya kwanza iliyokuja na gari. Takataka gani hiyo?

Hapo ndio nikaelewa neno bure. Yale madini si mchezo. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda hadi ikapita ya dhahabu zaidi ya mara kumi, na kule Marekani wezi walikuwa wanaingia chini ya magari ya watu usiku na misumeno. Hapa kwetu msumeno wa usiku hauhitajiki. Tunapeleka gari wenyewe, saa nne asubuhi, na tunanunulia mwizi soda.

Najua majibu mtanipa kwa sababu nimeshayapata yote. La kwanza: "Katalitiki haziwezani na mafuta ya huku." Hiyo ilikuwa kweli enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo huua katalitiki haraka. Lakini kufika mwanzo wa 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Miaka hiyo mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Kuna fundi anarudia leo kitu alichofundishwa na fundi wake kabla mimi sijajua kutembea.

La pili: "Ukiitoa gari inakuwa nyepesi." Inakuwa na kelele, buda, na wewe unachanganya kelele na nguvu. Kuna hali moja tu ambapo utasikia tofauti ya kweli, nayo ni kama kopo lilikuwa limeziba: gari haipandi mlima, unakanyaga na inalia tu. Hiyo inapimwa. Unafungua sensa ya kwanza, unafunga geji mahali pake, unaona msukumo wa moshi unaorudi nyuma. Waulize mafundi wangapi wamewahi kufanya hivyo kabla ya kuwasha grainda.

La tatu ndilo linaniumiza: "Kila mtu ametoa na hakuna anayeshikwa." Ni kweli. Kanuni za ubora wa hewa ziko tangu 2014, na mimi sijawahi kusimamishwa barabarani nipimwe moshi. Tunakataza gari iliyopita miaka 8 isiingie nchini, inashuka Mombasa ikiwa na katalitiki yake, halafu tunaikata mtaani kwa 2,000. Mamangu anauza matunda kando ya steji Kangemi, karibu na mahali gari zinasimama na injini zikinguruma. Huo moshi ambao hakuna anayeshikwa kwa ajili yake, kuna mtu anauvuta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Gari yangu ilitengenezwa na mzee mmoja pale Kirinyaga Road. Huyo hakugusa ekzosi. Alisoma namba zote na kuniandikia kwa karatasi. Akaangalia pia zile rekodi kompyuta inahifadhi za jinsi injini ilivyokuwa wakati taa ilipowaka: joto, mwendo, mzigo. Alihamisha koili ya silinda ya tatu akaiweka ya pili, na tatizo likahama nayo. Ikajulikana, bila kubahatisha. Koili na plagi nne halali, 6,300 na kazi ndani. Gari iliacha kutetemeka siku hiyo hiyo. Kisha akaniuliza kopo langu liko wapi, nikashindwa kumwangalia.

Kwa hivyo ukienda gereji, kabla bei haijatajwa, piga picha kioo cha skana. Uliza namba ni ngapi, si namba ni gani. Sema unataka kuona sensa mbili zikicheza injini ikiwa imepata moto, na usishangae sana ya kwanza ikionyesha tofauti na nilivyosema, kuna gari zinatumia aina nyingine ya sensa mbele. Angalia ya pili imetulia ama inaruka. Sikiliza bomba asubuhi injini ikiwa baridi kama kuna sauti ya tsk tsk tsk ya kuvuja. Angalia kama oili inapungua. Na ikifika mahali katalitiki imekufa kweli, kwa sababu kuna siku inafika, itoke mbele yako na uende nayo nyumbani. Ni mali yako. Fundi akikasirika kwa hilo tu, umeshapata jibu.

Mimi kopo jipya nimeambiwa 42,000, na nikaonywa kwamba zile za bei rahisi huwa na madini kidogo na haziishi. Bado naweka pole pole. Kibomba cha uongo nilikataa, kwa hivyo taa bado inawaka, na abiria wananiuliza kila siku, na kila siku nasimulia hii stori kutoka CBD mpaka wanakoshuka. Jioni nikienda kumchukua mama, naegesha upande ule mwingine wa barabara, nazima injini, navuka kwa miguu kumbebea makreti.