Gauni Jeupe Halifungishi Ndoa



Leo naandika kwa walio na tarehe ya harusi na kwa wanaotafuta tarehe. Hasa naandika kwa ninyi mnaoishi pamoja mwaka wa tatu, wa nne, wa saba, hapa Manyatta, Kondele na Nyalenda, na kila nikiwauliza, "Harusi lini?" mnanijibu, "Mchungaji, tunajipanga."

Nimechunguza huko kujipanga. Wengi wenu mahari haiwazuii, maana wazee walishaenda, ayie ilishatolewa na mama alishaipokea. Wala hamchelewi kwa sababu hampendani. Mnachongoja ni gauni. Gauni, shela, rangi ya siku, nguo za wasimamizi, maua ya mkononi, na mkufu unaolingana na hereni.

Mkasirike au mshangilie, leo nitasema.

Hivi majuzi vijana wawili waliniletea bajeti yao ofisini. Gauni la kukodi, 40,000. La kukodi, mpendwa! Linavaliwa Jumamosi, Jumatatu linarudi. Wasimamizi sita, kila mmoja nguo ya 4,500, hiyo ni 27,000. Nikawauliza kodi ya nyumba yao ni ngapi kwa mwezi. Wakasema 4,000. Nikawaambia, basi gauni hili ni miezi kumi ya kulala chini ya paa. Mtalivaa saa nane.

Nikawauliza pesa zitatoka wapi. Bwana harusi akaangalia simu yake. Nilielewa. Chama kidogo, Fuliza kidogo, mkopo wa simu, na kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili wanaokumbushwa kila asubuhi kwamba kamati inasubiri mchango wao. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, ni mara moja tu maishani."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na leo nalijibu. Kuzaliwa pia ni mara moja. Kufa ni mara moja. Kinachofanyika mara moja hakipati ruhusa ya kuwaacha na deni la miaka miwili. Nimewashauri wanandoa wengi katika huduma hii, na sijawahi kukutana na ndoa iliyoponywa na mkia wa gauni. Nimekutana na nyumba zinazogombania deni la harusi kabla picha hazijatoka kwa mpiga picha.

Sasa tuulize. Hili gauni jeupe tunaloliabudu lilitoka wapi?

Fungua Biblia yako. Rebeka katika Mwanzo 24 alipewa pete ya dhahabu na bangili, na alipomwona Isaka alijifunika shela. Rangi ya nguo yake haikuandikwa. Bibi harusi wa Zaburi 45 amevaa mavazi yenye nakshi ya dhahabu. Isaya 61 inamtaja bibi harusi aliyejipamba kwa vito. Katika Yohana 2, arusi ya Kana, tunasikia habari za divai, mitungi ya maji, mkuu wa meza na bwana harusi. Bibi harusi hatajwi kabisa, sembuse nguo yake! Hakuna mahali bibi harusi wa duniani ameagizwa avae nyeupe.

Desturi hii ina tarehe. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa amevaa gauni jeupe la satini lenye lesi ya Honiton. Kabla ya hapo, hata huko kwao, wanawake wengi waliolewa na nguo yao nzuri kuliko zote, iwe ya samawati, ya kijani au ya kahawia, kisha wakaendelea kuivaa. Watu wakaiga malkia. Mtindo ukasafiri na meli na wamishonari mpaka ukafika kwetu, na sisi tukaupokea kana kwamba ulishuka na Musa kutoka mlimani.

Ndiyo, ni Victoria yuleyule. Mwaka 1858 mzungu aitwaye Speke alifika upande wa Mwanza, akaliona ziwa ambalo baba zetu waliliita Nam Lolwe, akalibandika jina la malkia wake. Jina lake liko juu ya maji yetu, na gauni lake liko juu ya binti zetu. Ziwa lilikuwa ziwa kabla yake. Na ndoa ilikuwa ndoa kabla yake.

Sisemi nyeupe ni dhambi. Penda nyeupe, vaa nyeupe. Ninachokataa ni kumwambia mtu kwamba bila hiyo hajaolewa.

Na hapa, mpendwa, lazima nijinyooshee kidole mwenyewe, kwa sababu si soko peke yake lililofunga mlango. Kanisa nalo limeufunga. Mimi nimeufunga.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja kwangu kijana na binti, tayari wana mtoto mmoja. Walitubu, walimaliza mafundisho, wazee wa pande zote walikubaliana. Binti alikuwa ameshona gauni jeupe kwa fundi, akalipia kidogo kidogo. Nikamwambia hawezi kuvaa nyeupe wala shela, kwa kuwa amezaa. Nilisema hayo mbele ya wazee wa kanisa, kwa sauti ya ushujaa, nikidhani natetea utakatifu.

Alilia pale pale. Wakaenda nyumbani. Wakasema watangoje mpaka aibu ipite, watafute gauni la rangi nyingine, watafute pesa nyingine. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Kisha yule kijana akafa katika ajali ya bodaboda.

Hapakuwa na cheti cha ndoa. Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, mama wa mtoto wake aliandikwa "rafiki". Alisimama nyuma wakati wajane huketi mbele. Alipofuata akiba ya marehemu kazini aliambiwa alete cheti, akarudi mikono mitupu. Ameniruhusu niandike haya, jina lake nimeliacha. Nilimwomba msamaha akanisamehe, lakini siku ile ya kaburi haitarudi.

Hebu tuyapime yale niliyomwambia. Nilimpima binti, lakini je, nilimpima kijana? Huyo mtoto alizaliwa na watu wawili. Bwana harusi angeingia na suti mpya, tai mpya, ua kifuani, na hakuna mzee hata mmoja angemwuliza kama anastahili rangi hiyo. Kama rangi ni ushuhuda wa usafi, mbona tunamkagua mmoja na kumpigia vigelegele mwingine? Wachungaji wenzangu, nijibuni hilo.

Na kama tunataka nyeupe iwe ishara, basi tuifuate mpaka mwisho wa Biblia. Ufunuo 19:8 inamwonyesha Bibi-arusi wa Mwana-Kondoo akiwa na kitani safi, na imeandikwa kwamba alipewa. ALIPEWA! Ufunuo 7:14 inaonyesha umati wenye mavazi meupe, na yamekuwa meupe kwa sababu yalifuliwa. Nguo inayofuliwa ni nguo iliyochafuka. Basi ikiwa nyeupe ni ya aliyesafishwa na damu ya Yesu, mimi ni nani nimvue binti aliyetubu?

Mtu asinisikie vibaya. Uasherati ni dhambi, nitauhubiri kesho kama nilivyouhubiri jana. Lakini dawa ya dhambi hiyo, kwa watu wawili walio huru kuoana, ni toba na kuoana. Tukiweka gauni mlangoni, tunawarudisha kulekule tulikowaambia watoke, kisha tunawanyima Meza ya Bwana kwa kuwa hawajatoka.

Kuna atakayeniletea Mathayo 22, yule mgeni aliyetolewa nje kwa kukosa vazi la arusi. Soma tena taratibu. Wageni wa arusi ile walikusanywa barabarani, wema kwa wabaya, siku hiyohiyo. Fundi gani aliwashonea? Kama vazi lile lingehusu pesa, wote wangetolewa. Usitumie mfano wa Ufalme kuuza satini.

Niseme pia juu ya rangi ya siku. Kadi inaandika "damu ya mzee na dhahabu", na kila mgeni anaelewa kwamba asiye na rangi hizo ataharibu picha. Kuna mama anauza omena Kibuye. Mama huyo alimlea mchumba wako mama yake alipolazwa hospitalini. Siku ya harusi yako hatakuja. Atasema mgongo unauma. Hana nguo ya damu ya mzee, na hataki kukuaibisha. Umemfukuza kwa rangi, na hukujua.

Basi nifanyeje, mchungaji? Sikiliza, nimekuwa mkali lakini sitakuacha hewani.

Kwanza, weka tarehe kabla ya gauni. Ukianza na gauni, tarehe itakimbia. Ukianza na tarehe, utavaa kile Bwana alichokupa kufikia siku hiyo.

Pili, chagua rangi ambayo watu wako wanayo tayari kabatini. Waambie wanakwaya waje na sketi nyeusi na blauzi nyeupe walizo nazo, kitambaa kimoja shingoni kikiwaunganisha. Wageni waje na nguo yao safi ya Jumapili. Picha itakuwa ya watu wako, na mama wa Kibuye atakuwemo.

Tatu, pita Kibuye mwenyewe, asubuhi mapema, na mtu anayejua kushona. Gauni la mitumba lililofuliwa na kupunguzwa kiunoni na fundi wa mtaani halijui kwamba ni la mitumba. Na ukipenda rangi, shona kitenge kizuri ambacho utakivaa tena kwenye ubatizo wa mtoto. Harusi ya kitenge ni harusi.

Nne, kumbuka unaolewa Kisumu. Jua la saa saba hapa si la London. Nimewafungisha ndoa mabibi harusi waliokuwa wakitafuta hewa ndani ya tabaka tano za kitambaa, huku vipodozi vinateremka kabla ya kiapo. Na mvua ya jioni ikinyesha, njia zetu za Manyatta unazijua. Niliona mkia wa gauni umeshikwa na wasichana wanne juu ya tope, wanauvuta kama wavuvi wa Dunga wanavyovuta wavu. Chagua kitambaa chepesi, urefu wa kifundo cha mguu, viatu unavyoweza kutembea navyo.

Tano, mapambo yawe zawadi, yasiwe deni. Bangili za Rebeka zilikuja mkononi mwa mtumishi wa Ibrahimu, hakuzikopa. 1 Petro 3 inatupeleka kwenye uzuri wa moyo mpole, ambao haukodishwi na hauna tarehe ya kurudishwa.

Mnakumbuka mwaka 2017? Wapenzi wawili jijini Nairobi walifunga ndoa kwa shilingi 100 tu, bei ya pete mbili, wakiwa na nguo zao za kawaida. Kenya nzima iliguswa. Na tukafanya nini? Mwezi uliofuata, siku ya Valentine, wahisani waliwaandalia sherehe ya kifahari. Silaumu ukarimu. Lakini nilijiuliza: je, tuliwapongeza, au tulishindwa kuvumilia kwamba walikuwa wameshaoana bila vitu hivyo? Walikuwa mume na mke tangu Januari. Sherehe ya Februari haikuongeza kitu kwenye kiapo chao.

Sheria yenyewe ya nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inataka watu wawili waliofikisha miaka 18, wanaokubaliana kwa hiari, mashahidi wawili, mfungishaji mwenye leseni, na ndoa iandikishwe. Serikali haikutaja gauni. Biblia haikuagiza gauni. Ni nani basi aliyekuwekea sharti hilo?

Kwa hiyo natangaza, na kanisa lote lishuhudie. Mkiwa huru kuoana, mmepita kwa wazazi, mmekubali mafundisho, njooni ofisini siku ya Alhamisi na vitambulisho vyenu. Tutafuata taratibu zote, na siku ikifika nitawafungisha ndoa Jumapili baada ya neno, na nguo mliyokuja nayo ibadani. Akina mama watapika chai. Na binti yeyote aliyetubu akitaka kuvaa nyeupe na shela, awe na mtoto au mimba, mimi mwenyewe nitasimama mlangoni nimkaribishe.

Nanyi dada mlioolewa, gauni lako liko wapi? Limening'inia kwenye mfuko wa plastiki, panya wanalitamani. Lilete. Tumetenga kabati katika chumba cha akina mama. Yule dada niliyewaeleza ndiye aliyeleta la kwanza, lile alilolilipia kidogo kidogo na ambalo halikuvaliwa. Alisema, "Mchungaji, mpe mtu wa kulivaa kabla hajachelewa."

Omba nami: Bwana Yesu, nisamehe pale nilipoogopa macho ya watu kuliko kukutii. Wape wawili wanaosoma haya ujasiri wa kuweka tarehe. Nivike wewe, nami nitatosheka. Amina.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA. Kama unamjua mtu "anayejipanga", mtumie leo, usingoje kesho.


Mchungaji wenu, Manyatta, Kisumu.