SGR inakuja Kigoma: kota za zamani zina ulinzi gani?

Ukitoka Kigoma mjini, Kidahwe ndipo njia inapogawanyika: huku Kasulu, huku Uvinza. Shika ya Uvinza. Huko ndiko kuna reli ya kati na kiwanda cha chumvi, na zote mbili ziliacha nyumba za wafanyakazi.

Desemba 2022 serikali ilisaini mkataba wa SGR Tabora–Kigoma, kilomita 506, kwa zaidi ya dola bilioni 2.2. Januari 2025 ukafuata mkataba wa kipande cha Uvinza hadi Musongati, Burundi. Kila mtu anaulizia fidia ya shamba lake, na ana haki. Kota je?

Reli ilianza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma Februari 1914, chini ya kampuni ya Kijerumani. Fundi na mtu wa stesheni lazima walale karibu na kazi, hivyo penye stesheni kukawa na kota. Baadaye wakaja Wabelgiji wakati wa vita, kisha Waingereza, halafu shirika la reli la Afrika Mashariki. TRC ikazaliwa 1977, TRL 2007, ikaja RAHCO, na sheria ya 2017 ikarudisha TRC.

Hebu fikiria wewe ndiye mpangaji humo. Paa linavuja, barua unampelekea nani? Nyumba nyingi za kampuni hazikuuawa na uzee, ziliuawa na kukosa mwenyewe.

Uvinza ni habari ya zamani zaidi. Utafiti wa akiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha chumvi imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000. Wajerumani walifungua kiwanda, baadaye ikaja Nyanza Salt Mines. Maji ya chumvi yalichemshwa kwa kuni, tena kuni nyingi, na misitu ya jirani ikalipa. Kwa hiyo mji ule ulisimama juu ya chumvi na magogo pia.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya 1914 haimo, mpaka waziri aitangaze. Bila tangazo hilo, tingatinga likija halivunji sheria ya mambo ya kale.

Na fidia ya jengo hulipwa mwenye jengo. Aliyekaa kwenye kota miaka 30, akapanda miembe na kuzika wazazi karibu, kwenye karatasi bado ni mpangaji tu.

Mimi sisemi reli isubiri. Kigoma imesubiri vya kutosha. Wala si kila kota inafaa kuhifadhiwa. Nyingine ni kuta tu. Lakini kuzihesabu, kuzipiga picha na kuandika nani anaishi wapi ni kazi ya wiki chache, na gharama yake mbele ya dola bilioni 2.2 haionekani hata kwa miwani.

Meli ya Liemba, iliyoletwa Kigoma vipande vipande kwa reli hiyohiyo, inakarabatiwa na hakuna anayethubutu kuiita chuma chakavu. Ujiji ina makumbusho ya Livingstone. Liemba ina jina, Livingstone ana jina. Kota zina namba mlangoni, na uamuzi wa zipi zibaki unatakiwa kabla mkandarasi hajafika, si siku alama ya X inapochorwa ukutani.